Kupima presha za wazazi kupitia shule: tuanzie wapi?

Mwalimu wa afya, Makorora, Tanga
Shikamooni wakubwa. Kamati ya shule yetu ya msingi inakusudia kuwapima presha watu wazima siku ya kikao cha wazazi, kwa sababu tumeshaona wazazi wawili wakipatwa na kiharusi bila ya wao wenyewe kujua kwamba presha zao zilikuwa juu. Nina mashaka mawili: akina baba, hasa wavuvi, hawaji vikaoni, na pili, mtu akikutwa na namba kubwa, tumwambie nini?

Muuguzi mstaafu, Chumbageni
Marahaba, Mwalimu. Nianze na hilo la pili, maana ndilo zito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa 46% ya watu wazima wenye presha hawajui kuwa wanayo, kwa hiyo mtawakuta. Lakini kipimo cha siku moja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Presha huhesabiwa kuwa imepanda ikifika 140 kwa 90 au zaidi, hata kwa namba moja kati ya hizo, na ikionekana hivyo katika siku mbili tofauti. Mzazi aliyetembea juani, akapanga foleni huku akibishana kuhusu michango, anaweza kusomeka juu. Aketi kimya dakika 5, ameegemea, hakukunja nne, mkono ukiwa mezani usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita, sharti ambalo najua kwa watu wa Tanga ni gumu. Madawati ya watoto hayafai, azimeni viti vya ofisi ya walimu. Mkanda wa kipimo ulio mdogo kwenye mkono mnene nao hupandisha namba. Atakayefika 180 kwa 110 aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Mzazi na mvuvi wa dagaa, Sahare
Mwalimu, mkiitisha kikao katika siku za giza, mwezi usipoonekana, hamtatupata, kwa sababu usiku tuko baharini na taa zetu na asubuhi tumelala. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, nasi tunashinda nyumbani. Itisheni siku hizo. Halafu majibu asipewe mtoto ayapeleke nyumbani. Niliwahi kuletewa karatasi yangu ikiwa wazi mkononi mwa mwanangu, na kabla sijaisoma mimi jirani alikwisha kunipa pole.

Mwalimu wa afya, Makorora
Ahsanteni sana. Mambo ya mwezi hayakutupitia akilini kabisa. Je, waliokutwa juu tuwaandike katika daftari la shule?

Muuguzi mstaafu, Chumbageni
Hapana, daftari likae zahanati. Kabla ya kupima mtu wa kwanza, kubalianeni na mganga wa zahanati siku ya kipimo cha pili, na kila aliyesomeka juu aondoke na tarehe hiyo mkononi. Kama mganga hana nafasi mwezi huo, ahirisheni zoezi.