Ushauri: Bodaboda ya umeme kwa mkataba, matumaini ni mengi ila betri inatia hofu

KijiweTegeta
Wakuu, habari za kazi.

Mdogo wangu anataka kurudisha pikipiki ya mafuta kwa bosi na kuchukua ya umeme kwa mkataba wa miezi 18, analipa rejesho mpaka iwe yake. Kijiwe chake kiko Tegeta, Dar. Anakimbia kama kilomita 120 kwa siku: Bunju, Mwenge, mara mojamoja Posta. Stika ya betri imeandikwa 72V 45Ah, na muuzaji anadai ikijaa inatembea kilomita 110.

Tunaona kabisa kwamba huko ndiko dunia inakoelekea, na bei ya mafuta inatuchosha. Hofu ni tatu. Betri ikichoka baada ya mkataba kuisha, si atabaki na chuma tupu? Tumeambiwa pia kampuni inaweza kuizima pikipiki ikiwa mbali, hiyo imekaaje? Halafu yeye ni fundi wa pikipiki jioni, je, gereji itakuwa na kazi miaka mitano ijayo? Naombeni ushauri wenye hesabu.

Volti72
Mkuu, kilomita 110 ni za mtu mmoja mwepesi, barabara tambarare, mwendo wa 35. Hesabu ya bodaboda ni nyingine.

Volti 72 mara ampea-saa 45 ni Wh (wati-saa) 3,240, ndio umeme unaoingia kwenye betri. Acha asilimia 10 chini, usiikaushe, zinabaki kama 2,900. Pikipiki yenye abiria, simama-ondoka za Mwenge, inakula Wh 40 hadi 50 kwa kilomita. Chukua 45: unapata kilomita 64. Kwa hiyo siku ya kilomita 120 inataka betri ijazwe karibu mara mbili, na mkataba usiolijibu hilo haumfai.

Sasa pesa. Kilomita 120 ni Wh 5,400 kutoka kwenye betri. Chaja hupoteza kidogo kwa joto, hivyo LUKU ya nyumbani itakatwa uniti 6.2 hivi (uniti moja ni Wh 1,000). Kwa shilingi 356 kwa uniti, pamoja na kodi, ni kama 2,200. Mafuta kwa lita moja kilomita 40 ni lita 3. Ukiweka lita kwa 3,000 ni 9,000. Wengi huishia hapo wakashangilia. Ongeza uchakavu wa betri: tuseme betri mpya ni 1,800,000 na inakubali kujazwa mara 1,500. Mara kilomita 64, ni kilomita 96,000. Kila kilomita inakula shilingi 19 za betri, yaani siku yake inakula nyingine 2,200 na ushee. Faida halisi kwa siku ni kama 4,500. Bado ni nzuri, ila hiyo 2,200 ya betri aiweke pembeni kila jioni, ndiyo jibu la hofu yako ya kwanza.

Mizunguko 1,500 ni ya lithiamu ya fosfeti, stika itasema LFP au LiFePO4. Ikiwa ni betri za asidi sita zilizofungwa pamoja, kimbia. Zile huchoka kati ya mizunguko 300 na 500, na kwa kazi ya boda ni mwaka mmoja kwa bahati.

Mama Faraja Umeme
Naongeza la kuchajia nyumbani, maana hapo ndipo watu wanaumia.

Kwanza LUKU. Kama nyumba iko kwenye ile bei ya uniti kwa shilingi 100, inaishia uniti 75 kwa mwezi. Uniti 6 kwa siku mara siku 26 ni zaidi ya 150, hivyo nyumba nzima itahamia bei ya juu, hadi friji na pasi. Kaeni na mwenye nyumba mliongee mapema, isije ikawa ugomvi wa wapangaji.

Pili chaja. Betri ya 72V ya fosfeti yenye seli 24 huchajiwa mpaka volti 87.6. Ile nyingine ya lithiamu yenye seli 20 mwisho wake ni 84. Plagi zake zinaweza kufanana kabisa! Ukichomeka chaja ya 87.6 kwenye betri ya 84, kinachobaki kuzuia moto ni sakiti ya ulinzi ndani ya betri peke yake. Andika kwa rangi juu ya chaja na juu ya betri, na chaja ya jirani isiazimwe.

Chaja ya ampea 10 haivuti hata ampea 5 ukutani, soketi nzima inamudu. Kinachoyeyuka ni ekstensheni ya bei rahisi yenye waya mwembamba. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, usiuache umeviringwa, na msichajie chumba cha kulala wala njia ya kutokea. Baada ya nusu saa gusa plagi: ikiwa ya moto, imelegea, badilisha.

Mchana kijiwe kinapopoa, saa 6 mpaka saa 9, aunge umeme. Kwa ampea 10 atapata kama kilomita 48. Chaja ya ampea 20 inakata muda huo nusu, ila muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba betri inaruhusu.

Nyamirambo_Moto
Salamu kutoka Kigali. Huku tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya biashara ya abiria ndani ya jiji inasajiliwa ikiwa ya umeme tu, na kwa dereva wa kilomita nyingi, kubadilishana betri ndiyo njia inayomlipa. Anaingia kituoni, dakika chache, anatoka na iliyojaa. Uchakavu wa betri ni wa kampuni. Nampinga Volti72 kidogo: dereva wa kilomita 120 asinunue betri, akodi.

Ila mwulize muuzaji: unalipia umeme uliotumia au unalipia kila unapobadilisha? Kama ni kila unapobadilisha, dereva atasukuma mpaka asilimia 3 ili asipoteze, na siku kituo hakina betri iliyojaa atabaki barabarani na abiria. Fikeni kituoni saa 12 jioni, ndipo ukweli wake unaonekana, na mhesabu vituo vilivyopo leo njia ya Bunju mpaka Mwenge. Vile vinavyokuja msivihesabu.

Volti72
Nakubali, vituo vikiwepo kweli. Tatizo ni kwamba betri za kukodi nyingi zina plagi na programu za kampuni hiyo tu. Kampuni ikiondoka mtaani, pikipiki haikubali betri nyingine.

Wakili wa Kijiweni
Hapo sasa tumefika kwenye hofu ya pili, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Ndani ya pikipiki nyingi za mkataba kuna laini ya simu na GPS. Rejesho likichelewa, amri inatumwa na mota haizunguki. Kabla ya kusaini dai haya yaandikwe: notisi ya saa 48 kabla ya kuzima, kutozimwa ikiwa mwendoni wala usiku; marejesho yakiisha, kufuli hilo la mbali lifunguliwe na apewe chaja au namna ya kutumia betri nyingine, na kampuni ikifunga biashara, kufuli lifunguliwe bila malipo. Wakikataa hilo la mwisho, msisaini.

Kuhusu kufuatiliwa anakokwenda, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Ana haki ya kuambiwa wanachukua taarifa gani na kwa sababu gani, na akikwama, Tume ipo kupokea malalamiko. Aombe jibu kwa barua pepe, asikubali la mdomo.

KijiweTegeta
Asanteni sana, nimepata mwanga. Lililobaki ni mvua, maana Jangwani mnaijua kwa mafuriko, na la ufundi wake.

Fundi Mota
Maji yakifika kwenye ekseli ya gurudumu lenye mota, asipite. Mota ikiwa ya moto ikaingia maji ya baridi, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta maji kupitia mahali waya zinapoingilia. Beringi hupata kutu, baada ya wiki chache inaanza kunguruma. Na kwenye kuosha, mashine ya presha asielekeze kwenye kontrola (kisanduku kinachoendesha mota) wala plagi. Ndoo na kitambaa vinatosha.

Kazi ya ufundi itakuwepo, ila itabadilika. Kabureta, klachi na oili zinaondoka. Breki, tairi, spoki, beringi na nyaya zinabaki. Anunue mita ya kupimia volti leo, aanze na sensa za mota (vidude vinavyoiambia kontrola mota imezunguka wapi), ndizo zinazowasumbua wengi: pikipiki inatetemeka wakati wa kuondoka, ukiisukuma kidogo inakubali. Avue pete na cheni, volti 80 na kitu zikigusana na chuma zinaunguza. Ainue gurudumu, awashe swichi, asiguse mpini wa kuongezea mwendo. Kwenye plagi ndogo ya waya tano inayotoka kwenye mota, kati ya nyekundu na nyeusi asome karibu volti 5. Halafu nyeusi abaki nayo, apime njano, kijani na buluu moja moja huku akizungusha gurudumu taratibu kwa mkono. Kila moja iruke kati ya 0 na karibu 5. Isiyoruka ndiyo iliyokufa. Spea yake ni ya bei ndogo, ila abadilishe zote tatu kwa pamoja, kwa sababu kufungua mota ndiyo kazi yenyewe.