Mrejesho: jenereta imefungwa uani

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza umeme ukikatika usiku jenereta niiweke wapi ili isiibiwe, maana wengi mtaani huiwasha barazani. Barazani hapana kabisa! Moshi wake una gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, haina harufu, inaua watu usingizini. Nimeiweka uani, mita 6 hivi kutoka madirishani, ekzosi ikielekea mbali na nyumba. Fundi alimwaga zege, akazamisha pete ya nondo iliyokunjwa ncha chini ili isichomoke. Mnyororo unapita kwenye fremu yenyewe, si kwenye mpini, kwa sababu mpini unafunguka kwa spana tu. Kufuli nimenunua la shingo fupi, mkasi wa vyuma haupati pa kuuma. Kizimba cha wavu bado, fundi anarudi Jumamosi.