Riwaya yangu: jukwaani, senario, ao niongoze filamu mwenyewe?

Mtoto wa Katuba (Lubumbashi)
Bandugu, salamu. Niko na riwaya iliyokwisha kuchapishwa na ninataka kuigeuza. Njia ni tatu: tamthilia ya jukwaani, senario (maandishi ya filamu) nimpe mwongozaji, ao kuongoza filamu mimi mwenyewe. Inanipasa niamue mbele ya mvua kuanza. Munanishauri gani?

Himbi Kamera (Goma)
Ndugu, bado hujasema kitu. Kurasa ngapi? Wahusika wangapi? Franga ziko? Na haki za kugeuza kitabu ziko kwako ao kwa mchapishaji?

Mtoto wa Katuba
Kurasa 210. Wahusika ni wengi. Mchapishaji yuko Ufaransa.

Mama wa Kadutu (Bukavu)
"Wengi" si hesabu, baba. Kwa Ufaransa, sheria inadai haki za filamu ziandikwe kwenye mkataba wa pekee, mbali na ule wa kitabu. Kama hukusaini huo wa pili, haki za filamu zingali zako. Za jukwaa zinaweza kuwa zilishaingia katika ule wa kwanza, kwa hiyo usome wote.
Mimi niko upande wa tamthilia. Waigizaji watano, kila mmoja abebe wahusika wawili. Mahali pawili tu. Saa moja na nusu. Mazoezi wiki sita, na wiki ya kwanza ni kusoma mezani, maana ndipo maneno yasiyotamkika yanajionyesha. Sony Labou Tansi, mwandishi wa Kongo-Brazzaville, aliandika riwaya na papo hapo akaendesha kikundi chake, Rocado Zulu Théâtre, huko Brazzaville. Onyesho likilegea Ijumaa, Jumamosi unalirekebisha.

Himbi Kamera
Ousmane Sembène wa Senegal naye alitoa riwaya ya *Xala* mwaka 1973, na mwaka 1975 ikawa filamu aliyoiongoza mwenyewe. Mwandishi anajua hadithi yake kuliko yeyote. Aongoze.

Fundi Sauti (Goma)
Sembène alikwenda kwanza Moscow kusomea sinema, tusiruke hapo. Kuna filamu fupi moja ya hapa iliyoongozwa na mwandishi wake. Ilitakiwa iwe ya dakika 20, senario ikawa kurasa 40, wakati ukurasa mmoja ni karibu dakika moja. Mawazo yote ya mhusika yaligeuzwa sauti ya msimulizi, picha zikabaki hazina kazi. Walipiga kando ya barabara kwa mikro ya kamera tu, jenereta ikiwa karibu: kila neno la mwigizaji limefunikwa na motari. Hakuna aliyerekodi ukimya wa mahali (sauti ya pale watu wakinyamaza), sekunde 30 tu, kwa hiyo kila mkato unasikika. Halafu kadi ya kamera ikafutwa kabla ya kunakiliwa, kazi ya siku nzima ikapotea. Kamera ikirekodi megabiti 50 kwa sekunde, saa moja inakula zaidi ya gigabaiti 22. Chukueni diski mbili, nakala zifanywe jioni ileile, na kadi isifutwe mpaka zote mbili zifunguliwe na kutazamwa.

Kasapa (Lubumbashi)
Basi senario. Andika kila tukio kwenye kikaratasi, ondoa lisiloonekana wala kusikika. Baki na matukio 50 hivi, kurasa 90. Juu ya kila moja: ndani ao nje, mahali, mchana ao usiku. Usiku wa nje upunguze, unadai taa nyingi. Na usimpe mwongozaji haki za kudumu. Mpe miezi 18 kwa maandishi. Ikiisha bila filamu kuanza, zinakurudilia.

Mama wa Kadutu
Na lugha? *Mandabi*, filamu ya Sembène ya 1968, ilizungumza Kiwolof. Wahusika wa mtaa wa Katuba wakisema Kifaransa cha kitabu, nani atawaamini?

Mtoto wa Katuba
Riwaya ni ya Kifaransa. Nilifikiria Kiswahili sanifu, ili na Dar es Salaam wafuate.

Kasapa
Hapana! Mama wa sokoni Lubumbashi hasemi sanifu. Acha aseme chake, weka maandishi chini: mistari miwili tu, herufi 40 kwa mstari.

Fundi Sauti
Nakubali, ila maandishi yapunguzwe. Mtazamaji akisoma haoni uso.

Himbi Kamera
Na jukwaani kuweka maandishi chini ni vigumu. Mama wa Kadutu, hapo unafanyaje?

Mama wa Kadutu
Jukwaani mwili unatafsiri. Bukavu tunafuata Kiswahili cha Lubumbashi vizuri, ni maneno machache tu ya mgodini yanayotushinda.