Naomba ushauri: semina ya mishipa ya ubongo wa nguruwe wachanga, prostasaiklini inanichanganya

Mwanafunzi_Mzee: Wakuu, habari za jioni. Nasoma uzamili wa fiziolojia ya wanyama na Alhamisi nina semina. Nilijua ni kazi nyepesi: naitriki oksaidi inatanua mishipa ya ubongo, endothelini inaibana, nakaa chini. Kumbe kwa nguruwe wachanga habari ni prostaglandini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea, na prostasaiklini ni mojawapo! Kinachonitesa: ukimpa kitoto indomethasini, dawa ya kuzuia prostaglandini, kisha ukamvutisha hewa ukaa, mishipa haitanuki ipasavyo. Mdondoshee prostasaiklini kidogo, kiwango kilekile bila kuongeza, mwitikio unarudi. Sasa kama kiwango hakipandi, ujumbe unabebwa na nini? Msimamizi ataniuliza hilohilo, namjua.

Kambare: Nimeona nguruwe nikadhani uzi wa kitimoto. Natoka.

MamaMifugo: Mdogo wangu, hapo prostasaiklini ni kama mwenyekiti wa kikao. Hata asipotoa hoja, asipokuwepo kikao hakifunguliwi. Soma kazi ya 1994 ya Charles Leffler na wenzake, Memphis. Walitazama vishipa kupitia dirisha la kioo kwenye fuvu, wakatumia iloprosti, dawa inayoiga prostasaiklini. Kwa kitoto asiyepewa dawa, prostasaiklini hupanda kweli hewa ukaa ikizidi, ndiyo maana watu waliichukulia kuwa mjumbe mwenyewe. Jaribio la iloprosti ndilo lililovuruga hesabu hiyo. Msimamizi akikubana, jibu ni hilo: inatoa ruhusa, mwingine anabeba ujumbe.

Darubini: Naongezea, andika umri wa mnyama kwenye kila slaidi. Nguruwe akikua, naitriki oksaidi inashika nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo vitabu vyako vya wanyama wazima havikudanganya. Na usiisahau kaboni monoksaidi, ileile ya jiko la mkaa inayoua waliofunga madirisha. Ubongo wa kitoto unaitengeneza wenyewe kidogokidogo: glutamati, kemikali ya mawasiliano ya ubongo, inazichochea astrosaiti, yaani seli saidizi za ubongo, nazo zinaitoa, kishipa kinatanuka. Halafu usijenge hoja yote juu ya indomethasini. Ina mambo yake mengine mbali na kuzuia prostaglandini.

Nesi_wa_Usiku: Kwetu wodi ya njiti hili si nadharia. Indomethasini hutumika kufunga mshipa wa moyo uliobaki wazi, na inapunguza damu inayokwenda kwenye ubongo. Ibuprofeni haina sana tabia hiyo. Jaribio kubwa la 2001 lilionyesha indomethasini ya kinga ilishusha kuvuja damu kukali kwenye ubongo kutoka asilimia 13 hadi 9, lakini watoto walipofika miezi 18, vifo na ulemavu vilikuwa karibu sawa na kwa wasiopewa. Msimamizi wako atapenda hilo.

Mwanafunzi_Mzee: Dada Nesi, ahsante. MamaMifugo, mwenyekiti nakuazima. Slaidi ya naitriki oksaidi naihamishia nyuma usiku huuhuu. Darubini, huyo mbeba ujumbe mwenyewe ndani ya msuli wa kishipa, una makala yoyote inayomtaja?

Darubini: Anza na saikliki AMP, molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli. Njoo faragha nikutumie.