Nimekaa na Wabudha Upanga, sasa nimerudi Mtwara, naendeleaje?

Binti Shangani

Habari zenu jamani. Hili jambo limenikaa moyoni nimeona nilete kwenu. Mama yangu alifariki mwezi wa tano na toka hapo usingizi umekata kabisa, nalala masaa mawili matatu nashtuka, kichwa kinazunguka na maneno yaleyale, ningemuwahisha, ningekopa gari usiku uleule, ningefanya hivi ningefanya vile. Mwezi wa nane nikaenda Dar kumuuguza shangazi, jirani yake akaniona nilivyokonda akanichukua mpaka kwa Wabudha Upanga, lile hekalu la watu wa Sri Lanka waliokuja toka enzi za mkoloni nchi yao bado inaitwa Ceylon.

Mimi ni Muislamu, nimeenda na ushungi wangu na woga wangu. Hakuna aliyeniuliza dini. Nikavua viatu, nikapewa mto wa kukalia, mama mmoja akanivutia kiti akaniambia kama magoti yanasumbua kaa huku, hakuna ubaya. Mtawa akasema tuangalie pumzi tu inavyoingia na kutoka puani, akili ikikimbia usiigombeze, irudishe, ikikimbia tena irudishe tena. Mguu ukafa ganzi. Mara mbu akatua mkononi, mkono wa pili ushanyanyuka nimpige, nikakumbuka ametuambia katika yale masharti yao matano la kwanza ni kutoua kiumbe hai. Nikampuliza akaenda zake. Kitu kidogo lakini yani ilikuwa mara ya kwanza toka msiba nauona mkono wangu kabla haujafanya kitu, maana miezi yote ile nilikuwa nafanya tu, napiga kelele tu, nawafokea watoto halafu ndo nashtuka baadae.

Nikaenda mara nne, mara zote hakuna aliyenidai hata mia. Sasa nimerudi huku na peke yangu nashindwa, nakaa dakika tano nanyanyuka. Kuna wanaokaa hivi Mtwara au hata Lindi? Na je, nakosea kwa dini yangu?

Mzee wa Mikindani

Pole sana mwanangu, Mungu amrehemu mama. Nakwambia kama ningemwambia binti niliyemzaa. Sisi kutulia tunako, kuna dhikri, kuna itikafu kumi la mwisho la Ramadhani mtu anajifungia msikitini na Mola wake. Huko kuna sanamu mbele na watu wanaisujudia. Kwanini uende mbali kutafuta maji na kisima kipo uani?

Kijana wa Mtanda

Shikamoo mzee, naomba niongeze maana mimi nimeshakaa nao. Nilikuwa nasoma India, likizo moja nikaenda Igatpuri kule Maharashtra, kozi ya siku 10 ya vipassana, yani kukaa kimya kuangalia pumzi na mwili kwa njia ya Kibudha, ile aliyoieneza S.N. Goenka, mfanyabiashara wa Kihindi aliyezaliwa Burma. Siku ya kwanza wanachukua simu, huongei na mtu, unaamka saa 10 alfajiri, siku tatu na kitu za mwanzo ni pumzi tupu. Siku ya pili nilifungasha begi niondoke wallahi, siku ya sita nikalia kama mtoto sijui hata nalilia nini. Hulipi chochote, anayetaka kusaidia anachangia akishamaliza kozi, ili wanaokuja nyuma yake wapate kukaa.

Kuhusu sanamu, Buddha kwao ni mtu aliyezaliwa Lumbini, Nepal ya leo, akaitwa Siddhartha, akafa na miaka 80, wao wenyewe hawasemi ni muumba wa dunia. Ni kweli wapo wanaoinama mbele ya sanamu kwa heshima, dada wewe usiiname, kaa nyuma uangalie pumzi yako, pumzi haina dini. Alichofundisha kikubwa ni kwamba tunaumia kwasababu tunang'ang'ania, na kung'ang'ania kunaweza kuachwa. Hilo neno lako la "ningemuwahisha" ndo lenyewe hilo. Usilifukuze, likija litambue tu, hili hapa limekuja, halafu rudi puani.

Na usianze na nusu saa, utajichukia bure. Dakika kumi, saa ileile kila siku, basi. Ukishindwa kukaa tembea, na wao wanatembea, taratibu mno, unausikia unyayo unavyogusa mchanga. Shangani maji yakipwa una uwanja mzima pale.

Nesi Masasi

Dada pole. Mi niko wodini kila siku naomba uniskilize hapa. Kutulia kunasaidia, hata mahospitalini Marekani wanafundisha wagonjwa toka 1979 alipoanza mwanasayansi mmoja anaitwa Jon Kabat-Zinn. Lakini miezi kadhaa hulali na umekonda hivyo, fika hospitali nao wakuangalie, uombe kuongea na mtu wa afya ya akili. Wengine wakifumba macho ndo picha za msiba zinajaa. Ikikutokea fungua macho, gusa kitu cha baridi, simama, usijilazimishe. Na mbu huku kwetu ni malaria, usimuue sawa, ila vaa mikono mirefu na chandarua usikose.

Mkristo wa Ndanda

Nakubaliana na nesi. Nimekulia jirani na abasia yetu hapa Ndanda, watawa wa Kikatoliki wanaoitwa Wabenediktini wapo toka 1906, kengele ikilia wanaacha kazi wanaenda kuimba zaburi, na kuna saa za ukimya unasikia mpaka ndege. Kwahiyo mtu akiniambia kukaa kimya ni uganga namshangaa. Dada, anachokosa mtu akiwa peke yake ni wenzake, we uliweza Upanga kwasababu kulikuwa na watu pembeni yako.

Mzee wa Mikindani

Kuhusu kuinama mbele ya sanamu sijabadilika. Ila hilo la pumzi nimelisikia, na hospitali uende mwanangu, usichelewe.

Binti Shangani

Marahaba kwa wadogo zangu na shikamoo mzee wangu, nimewasoma wote machozi yananitoka. Kesho asubuhi naenda hospitali. Jana nimejaribu dakika kumi ufukweni kwa kutembea, lile neno limekuja kama mara nane, mara ya nane nimeweza kuliambia hili hapa limekuja. Wadogo zangu wawili wa nyumbani wamekubali tukae pamoja jumapili baada ya alasiri kabla mbu hawajaanza, kila mtu na mkeka wake. Kijana wa Mtanda, ukija Mtwara sema, nafasi ya mkeka mmoja nitaiacha.