Maji ya chokaa ya kuondoa tindikali: karatasi zinabaki na unga mweupe

faili_kuukuu
Wakuu, nina faili za miaka ya 1950 zilizopigwa taipu, karatasi inasoma pH 4.5. Nimekoroga gramu 2 za kalsiamu hidroksaidi kwa lita ya maji, nikaloweka dakika 20. Zikikauka zina unga mweupe, na chupa imefanya utando juu. Nipashe maji moto ili chokaa iyeyuke yote?

sinia_na_brashi
Usipashe. Chokaa si sukari: maji yakipata joto ndivyo inavyozidi kugoma. Kwenye nyuzijoto 20 lita moja hubeba kama gramu 1.6 tu, iliyobaki ndiyo hiyo inayokuchafulia karatasi. Gramu 2 si mbaya, ila acha chupa itulie usiku kucha, kisha vuta maji maangavu ya katikati kwa bomba la sindano bila kutibua mashapo. Utando ni chokaa iliyokutana na hewa ikageuka kabonati, kwa hiyo jaza chupa hadi shingoni na ufunge.

Maji hayo yana pH 12 na ushei. Vaa glavu na miwani, yadondoshe kwenye sinia la maji safi huku ukipima, ukomee 8.5 hadi 9. Na kama maji safi yako ni "maji ya betri" ya dukani, yapime kwanza, wengine kwa jina hilo huuza asidi yenyewe!

kabonati
Hapo umeosha tu, akiba ya kukabili tindikali ijayo ni ndogo mno. Kwa akiba, tengeneza maji ya bikaboneti: tia gesi kwenye maji baridi matupu kwa mashine ya soda, ndipo uongeze gramu 1 ya kalsiamu kabonati kwa lita. Funga, tikisa, laza kwenye friji, mimina yaliyo maangavu. Yatasoma karibu 6, usishtuke: gesi ikitoka karatasi ikikauka, kabonati hubaki kwenye nyuzi. Loweka dakika 20 hadi 30. Maji yakiwa na ukungu, badilisha.

faili_kuukuu
Shukrani. Kuna mihuri ya zambarau pia, na sahihi za wino uliogeuka kahawia.

sinia_na_brashi
Ungeanza na hilo, mkuu. Weka tone la maji pembeni mwa muhuri, subiri dakika moja, bonyeza karatasi ya kunyonya. Ikishika zambarau, usiloweke. Spiriti ndiyo usiiguse kabisa, rangi hizo huikimbilia. Ukurasa huo uweke kwenye jalada lisilo na tindikali.

Sahihi huenda ni wino wa chuma. pH ya juu huubadilisha rangi, na bikaboneti peke yake haifungi ioni za chuma zinazokula karatasi. Hapo hutangulia kalsiamu faiteti, chumvi inayozifunga ioni hizo, njia iliyoandaliwa Uholanzi miaka ya 1990, bikaboneti ikafuata.