Siku ambayo hakukuwa na kafara, Waazteki walifanya nini?

Mwalimu_wa_Zamu:

Ndugu wanajukwaa, nafundisha historia katika shule ya sekondari, na wiki iliyopita nilipofika kwenye dola za kale za Amerika wanafunzi walinibana. Nilikuwa nimewaeleza kuhusu mahekalu, wafalme na kafara za watu, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyojaa katika maandishi niliyonayo, ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza: "Mwalimu, hao Waazteki siku ambayo hakukuwa na kafara walikuwa wanafanya nini?" Darasa lilicheka, lakini mimi sikuwa na jibu, nikamwahidi kwamba nitalitafuta.

Naomba nielezwe maisha ya mtu wa kawaida wa Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, kabla Mhispania Hernán Cortés hajaingia mjini humo mwaka 1519: aliamka kufanya nini, alikula nini, aliwaleaje watoto wake, alinunuaje mahitaji yake. Nimesoma pia kwamba walilima "bustani zinazoelea" ziwani, na hilo linanitatiza, maana sielewi mahindi yanavyoweza kusimama juu ya kitu kinachoelea. Na kwa kuwa mahindi tunayosongea ugali asili yake ni huko, ningependa kujua kama wao waliyapika kama sisi.

Mpishi_Mdadisi:

Mwalimu, nianze na bustani kwa sababu jibu lake ni fupi: hazikuelea. Mkulima alichagua sehemu ya ziwa yenye kina kidogo, akapigilia vigingi na kuzungushia wigo wa matete, kisha akajaza ndani yake majani na tope alilochota chini ya ziwa, tabaka juu ya tabaka, mpaka tuta likainuka juu ya maji. Kwenye kingo alipanda miti ili mizizi yake ishike udongo usimomonyoke. Tuta hilo huitwa chinampa, na kwa kuwa tope jipya lilichotwa kila mara likawa mbolea, shamba halikuhitaji kupumzishwa na lilivunwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Matuta ya namna hiyo bado yanalimwa Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, mahali palipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987.

Sasa tuingie jikoni, ambako ndiko siku yao ilikoanzia. Nyumba ya mtu wa kawaida ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya udongo, na aghalabu vyumba kadhaa vya ndugu vilizunguka ua mmoja. Ndani kulikuwa na mikeka ya kulalia, vyungu, jiwe la kusagia na mafiga matatu. Naam, mafiga matatu kama yetu, nayo yaliheshimiwa kwa sababu yalikuwa makao ya mungu wa moto.

Jioni mwanamke aliweka mahindi makavu katika chungu cha maji yaliyotiwa chokaa au jivu, akayachemsha kidogo, akayaacha yalale humo usiku kucha. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, aliyasuuza na kuyafikicha, ngozi ya punje ikavuka, kisha akapiga magoti mbele ya jiwe na kuanza kuyasaga yakiwa na majimaji hivyohivyo mpaka yawe donge laini. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi, na ilirudiwa kila siku kwa sababu donge la jana huchacha. Kutoka kwenye donge hilo alikanda mikate myembamba ya duara, iitwayo tlaxcalli kwa lugha yao ya Nahuatl, ambayo Wahispania waliibatiza jina la tortilla, akaichoma juu ya kigae bapa cha udongo. Donge hilohilo liliweza kufungwa katika maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke likawa tamale, au kukorogwa likawa uji.

Mboga ilikuwa maharage, maboga, nyanya na pilipili. Nyama haikuwa ya kila siku: bata mzinga, mbwa waliofugwa kwa kuliwa, bata wa ziwani, samaki, hata mayai ya wadudu wa majini. Walivuna pia ukoga wa kijani juu ya ziwa, wakaukausha na kuukata vipande vilivyouzwa sokoni. Pilipili ilikuwa na uzito mkubwa katika chakula chao, kiasi kwamba mtu aliyefunga kwa ajili ya miungu alijinyima vitu viwili, chumvi na pilipili.

Kuna jambo moja dogo ambalo ningelipeleka darasani kabla ya mengine yote. Bernardino de Sahagún, padri Mhispania aliyefika Mexico mwaka 1529 na kukaa miongo kadhaa akiandika, kwa msaada wa wenyeji wasomi, yale waliyosimulia wazee, anaeleza kwamba mwanamke kabla ya kutia mahindi chunguni aliyapulizia pumzi yake kwanza, ili yasiogope moto. Na aliyeona punje imeanguka chini akaipita bila kuiokota alidhaniwa kuidhulumu, nayo ingemshitaki kwa Mungu.

Mjukuu_wa_Bi_Kidude_Kidogo:

Nimefurahi kusoma habari ya punje, kwa sababu katika maandishi ya padri huyohuyo kuna mwiko mwingine ulionifanya niweke kitabu chini nicheke. Wazee wa Mexico waliamini kwamba ukimruka mtoto aliyelala hatakua tena, na dawa yake ni kumruka upya kurudi ulikotoka. Bibi yangu, ambaye hakupata kuisikia Mexico maishani mwake, alikuwa akitufokea kwa maneno hayohayo na kuturudisha tuliporuka miguu ya mdogo wetu mkekani. Sidai kwamba pana uhusiano wowote. Nadhani tu kwamba watu wote wanaolala na watoto wengi chini kwenye chumba kimoja huishia kutafuta namna ya kuwazuia wasikanyagane.

Kuhusu malezi, Mwalimu, tafuta picha za Codex Mendoza, kitabu kilichochorwa na wachoraji wa kienyeji yapata miaka 20 baada ya mji kuanguka mikononi mwa Wahispania mwaka 1521. Kuna kurasa zinazomwonyesha mtoto wa kiume upande mmoja na wa kike upande wa pili, umri wao ukihesabiwa kwa vidoti, na mbele ya kila mtoto imechorwa idadi ya mikate anayostahili kwa mlo. Wa miaka 3 alipewa nusu mkate. Wa miaka 4 na 5, mkate mzima. Kuanzia miaka 6, mmoja na nusu. Na alipofika miaka 13, miwili. Kazi nazo ziliongezeka pamoja na mikate. Mvulana wa miaka 6 alitumwa sokoni kuokota punje za mahindi na maharage zilizodondoka kwa wauzaji. Msichana alianza kuonyeshwa pia ya kusokotea uzi akiwa na miaka 4, akasaga mahindi akiwa na miaka 13, na mwaka uliofuata akafuma.

Adhabu zao zilikuwa kali. Mtoto mkaidi wa miaka 11 alishikwa uso wake juu ya moshi wa pilipili kavu zinazoungua, na mchoraji amemchorea machozi. Aliyewahi kuunguza pilipili jikoni kwa bahati mbaya atajua maana yake.

Baada ya hapo vijana walikwenda shule. Watoto wa wakubwa, pamoja na waliowekwa kwa ajili ya ukuhani, waliingia calmecac. Wengine telpochcalli, nyumba ya vijana ya mtaa wao, walikofunzwa vita na kazi za umma. Mtu wa kawaida alivaa nguo ya nyuzi za katani ya kwao, kwa kuwa pamba iliachiwa wenye cheo. Ndoa ilifungwa kwa maana halisi ya neno: bibi harusi alibebwa usiku mgongoni mwa mwanamke mzima, mienge ikimtangulia, kisha wawili hao waliketishwa mkekani na pindo la vazi la mume likafungwa fundo na la mke.

Msomaji_Mkali:

Yote haya ni mazuri, ila naomba tusimpake mtu manukato. Mwaka 2015 wachimbaji wa mambo ya kale walipata katikati ya Jiji la Mexico, karibu na Hekalu Kuu, mabaki ya ule mnara wa mafuvu ambao Wahispania waliutaja, na ndani yake mna mafuvu ya wanawake na watoto pia. Mikate mnayoihesabu ilipikwa katika mji uliolishwa na ushuru wa miji iliyoshindwa vitani, na chuki dhidi ya mji huo ndiyo iliyowafanya watu wa Tlaxcala, majirani na maadui wao, wajiunge na Cortés kwa maelfu. Mwalimu asifute somo la mwanzo kwa kuandika la pili.

Mpishi_Mdadisi:

Ndugu Msomaji, hakuna anayelifuta, na hoja yako ya Tlaxcala ni ya kweli kabisa. Ningeongeza tu kwamba damu haikuwa ya hekaluni peke yake. Mtu wa kawaida alijichoma masikio au ndimi kwa mwiba wa mkatani nyumbani kwake, akatoa matone yake mwenyewe kama deni kwa miungu. Kwao jambo hilo na kule kuyapulizia mahindi pumzi yalikuwa ya ukurasa mmoja, kwa hiyo binti aliyeuliza swali huenda akastaajabu kuambiwa kwamba siku isiyo na kafara kabisa haikuwepo.

Dalali_Mstaafu:

Mimi nitajibu la manunuzi, maana ndilo ninaloliweza. Soko kuu lilikuwa Tlatelolco, mji pacha wa Tenochtitlan katika kisiwa kilekile, na Cortés alimwandikia mfalme wake kwamba watu zaidi ya 60,000 walikusanyika humo kila siku kununua na kuuza. Hata ukipunguza hesabu ya mtu aliyetaka kumvutia bwana wake, lilikuwa soko kubwa. Kila bidhaa ilikuwa na njia yake, vitu viliuzwa kwa idadi na kwa kipimo cha chombo badala ya mizani, na mahakimu waliketi humohumo sokoni kukata mashauri na kuvunja vipimo vya udanganyifu.

Chenji ilikuwa punje za kakao, na mali kubwa ililipwa kwa vitambaa vya pamba. Imebaki orodha ya bei ya Tlaxcala ya mwaka 1545, ya wakati wa Wahispania lakini ikitumia fedha ya zamani: jike la bata mzinga punje 100, yai lake punje 3, parachichi lililochumwa karibuni punje 3 na lililokwisha kuiva punje 1, nyanya kubwa punje 1, na tamale punje 1. Hilo la parachichi linanifurahisha kwa sababu muuzaji yeyote wa gengeni atakueleza sababu: lililoiva lisipouzwa leo, kesho ni hasara.

Na palipo na fedha pana mghushi. Sahagún anamtaja mfanyabiashara mbaya wa kakao aliyetoa kiini cha punje, akajaza nta au vipande vya kokwa la parachichi ndani ya ganda, kisha akazichanganya na nzima. Waliokunywa kakao, kwa hiyo, walikuwa wakinywa fedha, na hicho kilikuwa kinywaji cha wakubwa na cha wafanyabiashara matajiri.

Mwalimu_wa_Zamu:

Nawashukuru sana. Nimebaki na swali moja kwa Mpishi. Mbona sisi tulipokea mahindi bila chokaa wala jivu? Na je, magadi tunayotia kwenye kande si jambo lilelile?

Mpishi_Mdadisi:

Mwalimu, waliosafirisha mbegu walikuwa mabaharia na wafanyabiashara, na aliyeujua upishi alikuwa mama aliyebaki amepiga magoti kwenye jiwe lake. Hakuna aliyefikiri kumuuliza. Punje zilivuka bahari zikiwa nafaka kama nafaka nyingine, zikafika kwetu zikiwa zimekwisha kupoteza hata jina, ndiyo maana tunaziita mahindi kana kwamba zilitoka India.

Hasara yake ilionekana kwanza Ulaya. Vitamini iitwayo niasini imo katika mahindi lakini imefungwa, mwili hauipati vizuri, na chokaa ndiyo inayoifungua. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal alieleza kaskazini mwa Hispania ugonjwa uliowababua ngozi maskini waliokula mahindi karibu peke yake; leo unaitwa pelagra. Hauko mbali nasi pia, kwani mwaka 1989 na 1990 uliwapata maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, karanga zilipokosekana katika posho yao ya unga wa mahindi. Mwenye maharage, karanga, samaki au maziwa kando ya ugali wake hana haja ya kuogopa.

Magadi ni ya jamii hiyo ya chokaa na jivu, hapo umeona vizuri, lakini sisi tunatia kidogo ili maharage yalainike upesi, hatuyalazi mahindi humo usiku kucha wala hatuyafikichi mpaka ngozi ivuke. Na ngozi yenyewe huwa tumekwisha kuitoa kwa kukoboa kinuni.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi, chukua kilo moja ya mahindi makavu, maji lita tatu, na kijiko kikubwa kisichojaa sana cha chokaa safi ya kula, ile ya tambuu. Usithubutu kutumia chokaa ya kupaka ukuta. Tumia sufuria isiyo ya alumini, chemsha kwa moto mdogo kama nusu saa au zaidi kidogo, funika, acha hadi asubuhi. Maji yatageuka ya manjano na punje zitateleza mkononi. Suuza mara kadhaa, halafu mpe yule binti wa dawati la nyuma jiwe asage, na umhesabie dakika.